Mwaka Mama Mdogo Alipogeuka Nyuma

Ashukuriwe Mungu Baba yetu, mwenye subira kuliko sisi sote, aliyeniongezea miaka hata nikafika umri wa kuona aibu kwa mambo ambayo ujanani niliyahesabu kuwa ni utiifu. Yeye huipokea sadaka iliyopinda na kuinyoosha mikononi mwake. Kwa jina lake naanza, naye anisaidie niseme kweli bila kujipendelea.

Mwezi uliopita tulimzika Mama mdogo Anyesi, hapa Mbeya, katika mvua nyepesi. Baada ya maziko, wanawake wa biashara waliketi pamoja mkekani, wale aliosafiri nao miaka mingi kwenda Guangzhou kununua nguo. Wengine sasa wanatembelea fimbo. Walikula, wakanywa chai, kisha wakaanza kumcheka marehemu kwa namna watu wanavyomcheka mtu wanayempenda. "Anyesi alikuwa na mgongo," alisema mmoja. "Anataja bei yake, Mchina akikataa anapewa mgongo. Hageuki." "Hageuki hata radi ipige," mwingine akajibu. "Na harudi. Duka alilolitoka Anyesi ndiyo amelitoka, hajarudi duka hata moja maisha yake yote." Wote wakaitikia. Kisha wakanitazama mimi, mzee wa kanisa, mwana aliyemsomesha, wakangoja neno. Niliomba sala fupi, nikasema amina, nikatoka nje kusimama chini ya upenu. Sikuweza kuwakatalia mbele ya msiba, wala sikuweza kuitikia. Kwa maana alirudi. Alirudi mara moja, kwa ajili yangu, nami nilikuwa nyuma yake nimeshika mfuko wake.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Chuo kimoja cha afya kule Guangzhou kilikuwa kimenipokea nisome famasia, mwaka wa kwanza ukiwa wa lugha tu, na Mama mdogo aliniita niende mapema, miezi mingi kabla ya chuo kufunguliwa, ili nizoee mji na nimsaidie kubeba mizigo. Ada ilikuwa itoke katika mtaji wake, jambo ambalo hakulizungumza na mimi sikuuliza. Tuliishi mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya juu katika jengo lililokuwa nusu hoteli na nusu ghala. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, kati yake pazia la kitenge, na kila mahali pengine palikuwa na nguo: blauzi ndani ya nailoni, suruali za watoto zimefungwa kwa dazeni, mifuko ya shangazi kaja imesimama ukutani kama wageni waliokosa viti. Mimi ni mtu mrefu. Siku hizo, kabla mgongo haujaanza kuinama wenyewe, nilipita mlango ule kwa kukunja shingo, na kitanda kiliniishia kwenye mashavu ya miguu, kwa hiyo nililala nyayo zangu zikiwa juu ya robota la soksi. Mama mdogo alipika ugali katika sufuria ya umeme ya kupikia wali, kwa unga alioutoa nyumbani ndani ya sanduku, katikati ya nguo zake za kanisani. Sufuria ile haikupenda kusongwa. Mimi niliishika kwa kitambaa, yeye akasonga, na kila mara kile kitufe kiliruka chenyewe kuonyesha kwamba chakula kimeiva, naye akakirudisha chini kwa kidole akisema, "Tulia wewe, huu si wali." Tulikula na samaki wa kukaanga na majani ya Kichina yaliyokaribia kufanana na mchicha bila kufanikiwa. Jumapili tulishuka ghorofa moja chini kusali chumbani kwa Mama Njeri, mfanyabiashara wa Nairobi, tukiimba kwa sauti ndogo ili majirani wasigonge ukuta.

Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza nyuma ya pazia, Mama mdogo na Mama Njeri wakihesabu zipu upande wa pili wakidhani nimelala. "Anyesi," alisema Mama Njeri, "huyu kijana unampea nini? Anakula sahani mbili na bado anakua." Mama mdogo akasema, "Mwache ale. Anakwenda kusoma dawa." "Dawa, na hiyo urefu yote? Akisimama kwa kaunta wagonjwa wataona tumbo peke yake." Walicheka wote wawili, nami nikajikunja zaidi kitandani. "Mimi nakuambia, Mungu hakumpea hiyo miguu bure. Kwetu wangekuwa wamemchukua kitambo akacheze mpira wa kikapu." "Miguu inazeeka, Mama Njeri. Kichwa kinachelewa." "Sasa si umuulize mwenyewe anataka nini?" Nikasikia zipu zikiangushwa mfukoni. "Nimuulize nini?" alisema Mama mdogo. "Mtoto atajuaje?" Nimeyakumbuka mazungumzo hayo mara nyingi, na sijaweza kumlaumu. Katika nyumba tulizolelewa, kumuuliza kijana anachotaka kulikuwa ni kumtupa. Aliyekupenda alikuamulia.

Biashara ya Mama mdogo ilikuwa na tendo moja kuu, nalo lilikuwa kuondoka. Huko Zhanqian, karibu na stesheni ya treni, maduka ya nguo yamebanana ghorofa juu ya ghorofa, na mnunuzi asiye na mbinu hurudi kwao na hasara. Yeye alitaja bei yake mara moja. Laoban, ndivyo tulivyowaita wenye maduka, alicheka, akabonyeza kikokotoo, akamwonyesha namba nyingine. Mama mdogo hakubishana. Aliikunja blauzi vizuri kuliko alivyoikuta, akaiweka mezani, akasema asante, akatoka. "Ambwene, usiangalie nyuma," aliniambia siku ya kwanza, midomo ikiwa karibu haitikisiki. "Usipunguze mwendo, atajua unamsubiri. Usiongeze, atajua umekasirika. Tembea kama mtu anayekwenda kwingine." Nikatembea hivyo, na robota begani, jasho likinitoka kwa hofu kuliko kwa uzito. Kabla hatujafika kwenye ngazi sauti ilitufuata, "Mama, Mama, lai, lai," yaani njoo, njoo. Na ikiwa mwenye duka alitoka kabisa mlangoni na kutufuata kwenye korido, Mama mdogo alitabasamu kidogo, kwa kuwa mtu aliyeacha duka lake kukufuata alikuwa amekwisha kukubali. Nilimwuliza siku moja, je, wasipoita? "Unakwenda duka jingine," alisema. "Lakini hurudi. Anayerudi bila kuitwa hana bei tena. Atalipa ile ya kwanza, na atailipa huku anatazamwa."

Jioni niliruhusiwa kwenda kucheza. Nyuma ya barabara ya Huanshi palikuwa na uwanja wa saruji ambapo vijana wa kila taifa walicheza mpira wa kikapu, na hapo nilijuana na Papa Didi, Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa kago, wa kusafirisha mizigo, aliyezungumza Kichina kama mzaliwa na Kiswahili kama mtu aliye safarini. Watu wa vijiji vya nje ya mji wanaupenda mchezo huo kama sisi tunavyopenda soka. Kila kijiji kina uwanja, na siku za sherehe zao hukodi wachezaji wageni ili wawatambie jirani zao. Papa Didi alitupakia kwenye gari lake la mizigo, akatupeleka. Wazee walikaa mbele kwenye meza wakinywa chai, bibi vizee kwenye vigoda vya plastiki wakitafuna mbegu za maboga, ngoma zikipigwa, na mchezo ukiisha tuliletewa bata bukini wa kuchoma, aliyekatwakatwa pamoja na mifupa. Mjini nilikuwa kituko, mtu wa kupigwa picha kwenye lifti na kuchekwa, mbebaji anayegonga kichwa chake kwenye mabango ya maduka. Uwanjani urefu ule ule ulikuwa na maana. Niliruka, na mikono yangu ilifika mahali ilipotumwa. Nakiri mbele ya Mungu kwamba sijapata tena kuwa mwepesi hivyo, hata katika maombi.

Katika kijiji kimojawapo aliniona Kocha Liang. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti iliyokauka kwa kupiga kelele, na alifundisha timu ya chuo cha michezo. Alimwambia Papa Didi kwamba angenipa nafasi chuoni: kitanda, chakula na ada, vyote juu yao, nami niwachezee hadi nimalize. Mwisho wake ningepata cheti cha ualimu wa michezo. Masomo yalikuwa machache, mazoezi yalikuwa asubuhi na mchana. Nilipomweleza Mama mdogo aliendelea kusonga ugali mpaka ukawa mgumu kuliko kawaida. Kisha macho yake yakapata ile nuru niliyoifahamu kutoka Zhanqian. "Wakupe kitanda na chakula," alisema, "na ada yao waihamishie kule kwenye famasia. Asubuhi usome dawa, jioni uwachezee. Kila kitu kinashuka bei, Ambwene. Inategemea unavyosimama." Nilisema, "Sawa, Mama mdogo." Moyoni nilitaka kitanda cha kocha, na uwanja wa kocha, na asubuhi zote za kocha. Famasia niliiogopa. Lakini nilikuwa sijawahi kutamka neno "nataka" mbele yake isipokuwa juu ya chumvi.

Tulikwenda ofisini kwa kocha tumevaa vizuri, Papa Didi akiwa mkalimani. Palikuwa na meza ya chai, na kocha alimimina mwenyewe kwenye vikombe vidogo kama vya watoto. Mama mdogo alikaa ameegemea kiti, mkoba magotini. "Maman," Papa Didi alieleza, "anasema asubuhi ni mazoezi. Muchana, mazoezi. Masomo ni mangaribi." Mama mdogo akasema, "Mwambie asubuhi ni ya famasia. Kuanzia saa tisa mtoto ni wao." Wakazungumza. "Anasema haiwezekane." "Mwambie kijana huyu anaruka." "Anajua, Maman. Ndiyo maana anamutafuta." "Mwambie kuna chuo kingine kinamtaka." Nilitazama sakafu. Papa Didi alitafsiri, kocha akauliza kitu kwa upole. "Anauliza ni chuo gani, na timu yao ikoje." Mama mdogo hakupepesa macho. "Mwambie hilo ni letu." Kocha alinitazama mimi, na nikajua kwamba ninapimwa, si kimo, bali kama nyumba yangu ni ya watu wa kweli. Nilitamani kuwa mfupi. Kocha akasema tena, taratibu, kwamba mazoezi ni asubuhi.

Basi Mama mdogo aliweka kikombe mezani, akakipanga sawa na vingine, akasema asante kwa Kichina, akainuka. Papa Didi alibaki ameduwaa na chai yake. Nikachukua mfuko, nikamfuata. Tulipita korido yenye picha za timu na vikombe vya ushindi ndani ya kabati la kioo, na nyuma yetu nikasikia viatu. Kocha alikuwa anatufuata. Mama mdogo alitabasamu. "Anakuja," alisema kwa sauti ya chini. "Usigeuke." Tulishuka ngazi, viatu vikashuka. Tulivuka ua ambapo vijana walikuwa wakifanya mazoezi, na mpira mmoja ulibingirika hadi miguuni pangu, nami nikauruka kama mtu asiyejua ni kitu gani, kwa sababu niliambiwa nitembee kama ninayekwenda kwingine. Tulifika langoni. Hapo viatu vikakoma. Mama mdogo alitembea, si haraka, si polepole, mpaka kituo cha basi, na hakuna aliyesema lai. Ndipo nilipomwona akigeuka. Kwa miezi yote niliyomfuata nyuma sikuwahi kuuona uso wake ukielekea tulikotoka. Kocha alikuwa amesimama langoni, mikono pamoja mbele yake. Alipomwona anatazama aliinamisha kichwa kwa heshima, kisha akarudi ndani.

"Atapiga simu," alisema. Simu aliiweka mezani karibu na sahani, na kila ilipolia alikuwa ni mtu mwingine wa kago, wala si Papa Didi. Sikumwonea huruma wakati ule, na hili linaniuma. Nilijionea huruma mwenyewe. Nilisema moyoni, basi nimewekwa bei, na bei yangu haikuitikiwa. Hata blauzi zile zenye nyuzi zilizotoka ziliitwa kurudi. Niliacha kwenda uwanjani. Nilipotumwa Zhanqian nilitembea kichwa chini, na mara zile laoban alipotuita nyuma nilisikia wivu kwa nguo zake, ujinga ambao mtu mzima hawezi kuueleza bila kuona haya.

Papa Didi ndiye aliyenitafuta. Alinikuta mbele ya jengo letu nikipakia marobota. "Eh, petit," alisema, "mama yako juu ya nini alikataa?" Nikamwambia hakukataa. "Namna gani hakukataa? Alisimama, alishukuru, alienda." Nikamweleza kwamba alikuwa anaondoka ili aitwe. Papa Didi alinitazama, kisha akaketi juu ya robota na kucheka mpaka akajifuta macho. "Kocha si magazini, si duka. Mama muzima anasimama, anaaga, sasa nani atamuita nyuma kama mbuzi? Kwa hawa watu ile ni haya kubwa. Alimusindikiza mupaka mulangoni, alimupa heshima yote." Akaacha kucheka. "Anakungojea, weye. Lakini anasema hawezi kukamata mutoto mu mikono ya mama yake. Mama akuje yeye mwenyewe aseme ndiyo."

Hivyo viatu nyuma yetu havikuwa vya mtu anayeshusha bei. Vilikuwa vya mwenyeji anayesindikiza wageni, kitu ambacho sisi tunakijua tangu utotoni, na ambacho tungekitambua mara moja kama tungekuwa nyumbani kwa mtu na si sokoni. Tuliishi sokoni mno mwaka ule, hata tukasahau kwamba kuna milango mingine.

Nilimwambia wakati wa chakula. Alisikiliza, tonge likiwa mkononi, akalirudisha sahanini. "Kwa hiyo amedhani nimekataa." Nikasema ndiyo. "Na anangoja mimi nirudi." Nikasema ndiyo. Akanigeukia. "Na wewe je?" Mungu alinifungulia mlango hapo, mlango mpana, nami nikajibu kama nilivyofundishwa, "Ni wewe tu, Mama mdogo." Alinawa mikono. Kesho yake alivaa gauni lake la kanisani, lile la rangi ya zambarau, akafunga kilemba, na akanipa mfuko wenye maembe makavu na pakiti ya chai ya Tukuyu, ambayo ilikuwa ya mwisho tuliyokuwa nayo.

Nilivyomwona katika ofisi ile sitaweza kusahau. Alikaa ukingoni mwa kiti. Mikono yake miwili iliushika mkoba kana kwamba kuna mtu atakayeuchukua. Hakungoja chai imiminwe. "Mwambie nakubali," alimwambia Papa Didi. Papa Didi akauliza, "Unakubali nini, Maman? Asubuhi na muchana?" "Yote. Alivyosema yeye. Famasia tumeiacha." Sauti yake ilikuwa sauti niliyoisikia baadaye mara nyingi sana upande wa pili wa kaunta yangu, ya mtu anayemnunulia mgonjwa dawa na haulizi bei. Yule mwanamke aliyetikisa maghorofa ya Zhanqian alikuwa amerudi bila kuitwa, na analipa bei ya kwanza, na mimi ninamtazama. Kocha alifurahi. Alisimama, akapokea maembe kwa mikono miwili, akamimina chai, kisha akanigeukia na kuniuliza mimi, kwa Kichina cha polepole ili nielewe bila mkalimani: na wewe mwenyewe, unataka?

Nilitaka. Lakini niliiona ile mikono juu ya mkoba, na aibu ikanipanda kama homa, na nikataka kitu kimoja tu zaidi ya mpira, nacho ni kwamba tendo lile liwe halijatendeka. Nikasema kwa Kichina changu kidogo, nataka kusoma dawa. Papa Didi akageuza uso. Kocha akaitikia kwa kichwa taratibu. "Anayetaka kusoma asome," alisema. Mama mdogo hakujua Kichina cha namna hiyo, lakini neno la dawa alilijua. Alitusindikiza kocha, kama mara ya kwanza, hadi langoni.

Ndani ya basi Mama mdogo alikaa dirishani. "Umeona aibu kwa ajili yangu," alisema. Nikamwambia hapana, nimechagua masomo. "Ambwene, mimi ni mtu wa kununua na kuuza. Namjua anayenunua ili apate kutoka dukani." Nikajishikilia kwenye kiti cha mbele. "Unaupenda huo mpira?" Basi lilisimama, watu wakapanda, wakatutazama, likaondoka. "Naupenda," nilisema. "Basi kesho tunarudi." Alisema hivyo kwa wepesi kabisa, kama anayesema kesho tutanunua vitunguu. Alikuwa tayari kuvaa tena gauni lile. Na hapo ndipo nilipomwambia neno ambalo sikuwahi kumwambia. "Hapana. Mimi pale sirudi tena." Alinitazama, akaelewa yote, akageukia dirisha. "Sawa, baba," alisema.

Jumapili iliyofuata Mama Njeri alitoa shukrani mbele ya ibada kwamba kijana wetu ameacha michezo na kuchagua kitabu, watu wakapiga makofi chumbani mle, na nikayapokea. Mama mdogo alikuwa anatafuta ukurasa wa wimbo. Nimekuwa mfamasia miaka mingi sasa, na sijutii. Nimewahudumia watu wa Mbeya, masikini kwa tajiri, na Mungu ameyabariki mikononi mwangu masomo niliyoyaingia kwa mlango wa pembeni. Kinachonihuzunisha ni kwamba watu wanauita ule uamuzi wangu hekima, nami najua ulikuwa kiburi. Sikuweza kuvumilia kumwona anayenipenda amejishusha kwa ajili yangu, hivyo nikakitupa alichokuja kuninunulia. Wazee wenzangu hunisifu kwa mahubiri juu ya unyenyekevu. Ningependa wajue kwamba kujishusha si sehemu iliyonishinda mimi. Iliyonishinda ni kukaa kitini na kupokea, mwingine anapojishusha kwa ajili yako.

Chuo cha afya kilifunguliwa, nikaingia darasa la lugha, magoti yangu yakiinua dawati. Chuo kilikuwa na uwanja wa kikapu nyuma ya maktaba. Niliupita kwa upande wa mbali, muhula mzima, nikisikia mpira ukidunda na kujifanya nakariri maneno. Alasiri moja Mama mdogo alikuja akitoka Zhanqian, ameniletea maandazi. Tulikaa kwenye ngazi za mawe tukala, na mbele yetu vijana wa famasia wenye miwani walikuwa wanakimbizana na mpira vibaya sana. "Hao wanafanya nini?" aliuliza. Nikamwambia huo ni mpira wa kikapu. "Ndio huo?" Nikageuka kumtazama. Nilikuwa sijawahi kumpeleka kijijini hata siku moja, wala kwenye uwanja wa nyuma ya Huanshi ambao ulikuwa mwendo mfupi kutoka mlangoni petu. Nilihofia angepiga vigelegele, watu wakageuka. Alikuwa amekwenda mara mbili kusimama mbele ya kocha kwa ajili ya kitu ambacho hakuwahi kukiona.

"Nenda," alisema. Nikasema nimevaa viatu vya darasani. "Vivue." Nikaingia peku kwenye saruji yenye moto. Wale vijana walishtuka, kisha mmoja akanirushia mpira. Sitasimulia nilivyocheza, maana wenzangu hawakujua kukaba na sifa haikuwa kubwa. Nilikimbia, nikaruka, nikafika. Nilipogeuka Mama mdogo alikuwa amesimama juu ya ngazi, andazi mkononi, ameziba mdomo wake kwa kiganja, wala hakupiga kigelegele.

Nilirudi nikihema. Alinipa chupa ya maji na kuningojea ninywe. "Mbona hukuniambia kwamba iko hivi?" aliuliza. Hakuwa ananigombeza, alikuwa anauliza kweli, na mpaka tulipoliteremsha sanduku lake kaburini mwezi uliopita nilikuwa sijapata jibu. Aliinama akaniokotea viatu vyangu, kimoja kimoja. "Ningejua iko hivi," alisema, "yule kocha nisingempa mgongo."

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akupe mtu wa kukuuliza unachotaka, na akupe ulimi wa kumjibu kabla hajasimama. Akuwezeshe kupokea unapopewa, bila kuinamisha macho. Na wale wanaokwenda kwingine kwa ajili yako, barabarani na masokoni, awarudishe salama mlangoni pako. Amina.